Soko Limefungwa, Bi Honorina

Nianze na jino, maana bila lile jino yasingetokea yote haya. Lilikuwa la nyuma, upande wa kushoto, na daktari aliyenipa nafasi alikuwa na Alhamisi tu. Na Alhamisi ndiyo siku ya kuwapeleka wageni mjini Valencia. Imekuwa siku ya Valencia tangu niingie kazi hii ya kuongoza wageni wa hoteli za pwani ya Benidorm, miaka ishirini na miwili sasa. Nikampigia bosi nikamwambia, "Wageni hawa tuwapeleke Jumanne ijayo, siku yao ya mwisho." Akajibu, "Jumanne, Alhamisi, mimi najua nini? Wewe ndiye mjuzi, Vicenta." Mjuzi! Ningejua ningenyamaza na jino langu.

Basi Jumanne hiyo, tarehe ishirini na mbili Januari, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya basi na kipaza sauti mkononi, shavu bado limevimba upande mmoja, maana ile Alhamisi daktari alilichokonoa jino tu na kuniambia nirudi, na wastaafu arobaini na wanane kutoka Soria wananipigia kelele. Soria ni bara huko, maji yanaganda bombani. Watu wake wakija pwani majira ya baridi, siku mbili za kwanza wanakaa wanatazama bahari na kusema "jamani, jamani." Siku ya tatu wamechoka nayo, wanataka maduka. Hii ilikuwa siku yao ya mwisho. Kesho yake alfajiri walikuwa wanarudi kwao, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi mikono mitupu.

"Binti!" Mzee Abundio alinipazia sauti kutoka kiti cha nyuma kabisa. Alikuwa mchinjaji zamani, na sauti ilikuwa bado ya mtu anayemwita mteja barabarani. "Kikaango cha wali wa paella kinapatikana cha watu wangapi?"

"Unataka cha watu wangapi, Mzee Abundio?"

"Thelathini!"

"Kwani nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na mbwa!"

Basi zima likacheka. Mimi pia nilicheka, na jino likaniadhibu papo hapo.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, na alikuwa amekaa kiti cha kwanza, nyuma yangu. Bi Honorina. Miaka sabini na sita, mwembamba, koti jeusi limefungwa vifungo vyote ingawa basi lilikuwa na joto, mkoba mapajani ameushika kwa mikono miwili. Tangu tutoke hotelini alikuwa ameniuliza swali lile lile mara tano.

"Soko Kuu linafungwa saa ngapi, mwanangu?"

"Saa tisa alasiri, Bi Honorina."

"Saa tisa kamili?"

"Kamili. Na sisi tutafika saa nne. Utanunua mpaka uchoke."

"Sinunui kitu," akasema, akageukia dirishani.

Tuliposimama njiani kwa kahawa hakushuka. Nikampelekea kikombe, maana nilishaanza kuingiwa na wasiwasi naye, wazee wasiokula asubuhi ndio wanaonizimikia mchana. Akakipokea, asinywe. Halafu akaniambia, kwa haraka, kama mtu anayebandua bandeji.

"Nakwenda kumwona mdogo wangu. Casilda. Ana kibanda cha samaki wa chumvi ndani ya Soko Kuu. Ndivyo nilivyosikia. Anwani sina, na sijaonana naye miaka thelathini na moja."

"Anajua unakuja?"

"Angejua asingefungua kibanda."

Akanieleza. Mama yao alilala kitandani miaka minane, na miaka hiyo yote aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha ni Honorina. Casilda alikuwa ameolewa Valencia, alituma kadi za Krismasi. Mama alikufa Februari, theluji imefika madirishani. Casilda alifika siku mbili baada ya maziko. Akasimama mlangoni, hata koti hakuvua, akasema mbele ya majirani: "Umemzika kama vile alikuwa wako peke yako." Akaondoka na basi la jioni. Basi, imetoka hiyo.

"Mbona hukumpigia simu?" niliuliza. Mdomo wangu huu.

"Theluji iliangusha nguzo za simu," akasema Bi Honorina. Akainamia kahawa yake, na sikuuliza tena.

Kwa hiyo nilijua alichokifuata, na nilijua hana siku nyingine. Nilimwambia asiwe na shaka, kwamba mimi mwenyewe nitamshika mkono nimpeleke mpaka kibandani. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Tulipoingia mjini Batiste, dereva wetu, akapunguza mwendo akakuna shingo.

"Dada, leo mji umelala au vipi?"

Barabara ilikuwa tupu. Barabara ambayo kwa kawaida tunaitambalia nusu saa, tuliipita kwa dakika nne. Mageti ya chuma ya maduka yote chini, kushoto na kulia. Kengele za makanisa zikilia. Na hapo, nikiwa nimesimama na kipaza sauti mkononi, nikakumbuka leo ni tarehe ngapi.

Kwetu kila mji una sikukuu zake, ambazo mji wa jirani hauna habari nazo. Valencia imefunga, Benidorm watu wako kazini. Kila kiongozi wa wageni anazo kwenye kalenda ukutani, zimezungushiwa wino mwekundu, na mimi ninazo. Tarehe ishirini na mbili Januari, Valencia yote inafunga kwa ajili ya Mtakatifu Vicente Mfiadini. Vicente! Na mimi ndiye Vicenta!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na shavu langu. Badala yake nikafungua mdomo nikadanganya.

"Wapendwa, habari iliyonifikia sasa hivi," nikasema kwenye kipaza sauti, "wenye maduka wamegoma. Ghafla tu. Hakuna aliyejua."

Kisha sauti ya mchinjaji ikaja kutoka nyuma.

"Binti, mgomo huu una bendi ya tarumbeta?"

Maana tulikuwa tunapita kona, na bendi ilikuwa pale, imevaa sare, inapuliza.

"Na umechapishiwa mabango ya rangi! Ngoja nisome. Mtakatifu... Vi... cen... te. Loo! Wewe siyo Vicenta wewe? Leo ni sikukuu ya jina lako na umeisahau? Keki yetu iko wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakakohoa. Nilijitetea, oo kwetu tunasherehekea yule Vicente mwingine, wa baada ya Pasaka, oo bibi yangu alikuwa mshika dini, oo jino. Haikusaidia kitu. Mwanamke mmoja akaanza kuniimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa na wote wakaitikia wakipiga makofi. Ningekuwa na roho nyepesi ningelia. Lakini kusema kweli hawakukasirika. Watu wa Soria wamezoea mvua ya mawe kwenye ngano, kufungwa kwa duka hakuwaumizi sana.

Nilipogeuka, Bi Honorina alikuwa amesimama. Ameshika nguzo ya kiti, midomo imekauka.

"Na soko?"

"Bi Honorina..."

"Na soko, nakuuliza."

"Soko limefungwa, Bi Honorina. Ni kosa langu. Nilibadilisha siku kwa sababu ya jino."

Alinitazama shavu. Angenitukana ningeshukuru. Alisema tu, "Hata hivyo nipeleke," na nikampeleka. Wenzake niliwaelekeza kwenye duka la chokoleti ya moto, kisha misa, kisha kuangalia maandamano ya mtakatifu, na kwamba saa kumi na moja kasorobo wote wawe kwenye basi kando ya mto, Batiste alikoliegesha. Mzee Abundio akasema ataomba kikaango kwa mtakatifu mwenyewe.

Milango ya Soko Kuu ni mirefu, na siku ile ilikuwa imefungwa kwa komeo na mnyororo. Bi Honorina aliuweka uso wake kwenye upenyo kati ya mbao mbili.

"Nasikia harufu yake," akasema.

"Ya Casilda?"

"Ya samaki, mwanangu. Casilda nitamnusaje kutoka hapa?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Ximo. Ximo ana baa nyuma ya soko, ndogo, viti sita, na hafungi hata akifiwa. Tulimkuta anafuta kaunta. Nikamuuliza, unamjua Casilda, wa samaki wa chumvi?

"Nani asiyemjua? Ulimi wake una chumvi kuliko samaki wake. Ananiletea minofu kila Ijumaa. Namba yake hii hapa." Akachomoa simu. "Nimpigie?"

"Hapana!" Bi Honorina alipiga kelele, na Ximo akaruka nyuma. "Si kwa simu. Kwa simu sitaki."

"Mama, ni sekunde mbili tu..."

"Nimesema sitaki simu! Nipe anwani."

Ximo akanitazama mimi. Nikainua mabega. Akaandika anwani kwenye kitambaa cha karatasi: mtaa wa Ruzafa, ghorofa ya tatu. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye miguu yake. Teksi hazikuwepo, barabara zimefungwa kwa maandamano. Tukaenda kwa miguu, na haki ya Mungu yule bibi alinitangulia. Mimi nahema nyuma, jino linapiga ngoma, yeye mbele na mkoba wake kama amechelewa treni. Kila kona anauliza, "Bado?" Nasema bado. "Bado?" Bado, mama yangu, bado.

Tukabonyeza kengele. Kimya. Tukabonyeza tena. Jirani wa ghorofa ya kwanza akatoa kichwa dirishani, vibanio vya nywele bado kichwani.

"Mnamtaka nani?"

"Casilda."

"Katoka zamani. Kaenda misa, halafu kaenda kula wali kwa binti yake."

"Binti yake anakaa wapi?"

"Alboraya. Au Meliana. Au siku hizi wamehama, sijui. Nyie ni watu wa kodi?"

"Mimi ni..." akaanza Bi Honorina, akaishia hapo. Jirani akangoja kidogo, akafunga dirisha.

Tukarudi mbio kanisa kuu. Misa ilikuwa imekwisha na maandamano yanapita: makasisi, bendi, watu wa jiji waliovaa suti, na nyuma yao akina mama wa umri wote wamevaa vizuri. Bi Honorina alisimama ukingoni mwa barabara akiwakodolea macho mmoja mmoja. Akimwona mwanamke mnene, yeye anasogea mbele, kisha anarudi. Akimwona mwembamba, anasogea, anarudi. Mwisho akanishika kiwiko.

"Hata sijui anafananaje. Najikuta namtafuta mtu wa miaka thelathini na tisa."

Nilimkalisha kwenye ngazi za kanisa. Ilikuwa saa nane imepita. Nilinunua mkate wenye jibini, akaushika kama alivyoushika mkoba. Mimi sikutulia, nakaa, nasimama, naangalia saa, naangalia watu, najilaani moyoni kwa maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya kanisa. Alhamisi ile ningemeza vidonge tu, nikawaleta siku yao! Hapana, jino lisingekubali. Basi ningempigia tu simu daktari mwingine. Nilikuwa nazunguka hivyo kichwani.

"Kaa, unanitia kizunguzungu," akasema. Nikakaa.

"Theluji haikuangusha nguzo," akasema.

Niliacha kutazama saa.

"Simu ilikuwa inafanya kazi. Mama alikuwa na siku nne za kufa, na simu ilikuwa pale ukutani, hatua tatu kutoka kitandani kwake. Nikipita naipangusa vumbi. Nilisema, aliyekaa Valencia miaka minane na akae. Mama alikuwa anamuulizia, ee. Kila alipofumbua macho. Nikamwambia Casilda yuko njiani." Akaanza kuukatakata ule mkate vipande vidogo na kuwatupia njiwa. "Nimeungama kwa mapadri watatu. Wote wamenisamehe. Wamenisamehe wao, lakini wao walikosewa nini? Nataka kumwambia yeye, mbele ya macho yake. Akinitemea mate basi anitemee. Kwa simu hapana. Simu sitaki hata kuiona."

Jamani. Bibi wa watu. Nikamwambia nakwenda msalani. Uongo wa pili wa siku ile. Nilikwenda nyuma ya nguzo ya kanisa nikampigia Ximo.

"Mpigie Casilda. Mwambie basi letu liko pale mtoni, karibu na minara ya Serranos, na linaondoka saa kumi na moja. Usimwambie zaidi."

"Na akiniuliza anaitwa na nani?"

"Mwambie dada yake."

"Vicenta, Casilda hana dada. Kaniambia mwenyewe, mara kumi. Hana ndugu duniani."

"Wewe mpigie."

Akapiga. Baada ya dakika tano akanipigia. "Nimemwambia hayo," akasema. "Hakujibu kitu, kakata." Nilirudi kwenye ngazi na sikumwambia Bi Honorina neno. Ningesema nini? Kwamba nimekiuka katazo lake la simu, na mdogo wake amekata? Nilimwinua tukaenda taratibu kuelekea mtoni, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi wote walikuwa wamepanda. Wana furaha, wamelewa chokoleti, wawili wamevaa miwani ya jua waliyonunua kwa mtu wa barabarani. Mzee Abundio hakupata kikaango lakini alipata pepeo ya mkono, anajipepea nayo Januari. Bi Honorina alikaa kiti chake. Alitazama mbele tu.

Mimi nilibaki chini, mlangoni, nachungulia barabara. Batiste alikuwa na saa zake. Dereva wa basi kwetu ana kidude kinachoandika kila dakika anayoendesha, na Batiste alikuwa ameanza siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa kuwapeleka watu uwanja wa ndege. Akizidisha anapoteza leseni.

"Dada, kumi na moja na dakika tano nawasha. Sitanii."

"Na kumi."

"Na tano. Nina watoto."

Na tano ikafika. Akawasha. Nikapanda ngazi ya kwanza, na hapo nikaona mwanamke anakuja kutoka darajani, karibu anakimbia, mfupi, mnene, koti la sikukuu halikufungwa, nywele za saluni zimeharibika. Mkononi ana kifurushi cha karatasi. Alisimama hatua tano kutoka basini akaanza kuyapitia madirisha kwa macho, moja baada ya jingine, kama Bi Honorina alivyofanya na akina mama wa maandamano.

Sikuhitaji kusema kitu. Bi Honorina alishanipita mlangoni, akanikanyaga.

Walisimama wakitazamana. Wastaafu arobaini na saba walihamia upande mmoja wa basi, nikahisi basi linainama.

"Umekonda," akasema Casilda.

"Wewe umenenepa."

"Hapa kunaliwa."

"Naona."

Batiste akabonyeza honi, kidogo tu, nikamgeukia kwa jicho ambalo hatalisahau.

"Nimekuletea minofu," akasema Casilda, akanyoosha kifurushi. "Ya mgongo. Uiloweke siku mbili, ubadilishe maji."

"Najua kuloweka samaki."

"Ulikuwa hubadilishi maji."

"Casilda, simu ilikuwa inafanya kazi." Alilitoa lote kwa pumzi moja. "Nguzo hazikuanguka. Simu ilikuwa nzima na mimi sikukupigia. Mama alikuulizia. Nilikuficha kifo cha mama kwa makusudi, kwa hasira zangu, na nimekuja kukuambia, basi, ndiyo hiyo."

Nilimtazama Casilda. Nilingoja mayowe. Nilingoja kofi. Lakini yule mwanamke alishusha kifurushi taratibu, na uso wake wote ukachakaa mbele yetu.

"Najua ilikuwa inafanya kazi," akasema.

"Unajua nini?"

"Padri alinipigia Jumamosi. Akaniambia mama ana siku mbili, njoo. Na Jumapili nikapiga kwako, kukuuliza kama nije. Ulipokea wewe. Ulisema, 'Haloo, nani?' Nikakata."

Bi Honorina akarudi nyuma hatua moja.

"Niliogopa, Hono. Miaka minane sikuja. Ningeingiaje mlangoni, nimtazame vipi? Nikajiambia nitakwenda kesho. Nikajiambia hivyo mpaka mkamzika. Halafu nikaja, na wewe ukaniambia mbele ya watu nguzo zimeanguka, na mimi ndani ya moyo wangu nikasema, ahsante Mungu, nimepata pa kujificha. Ndiyo maana nilikupigia kelele vile. Nisingepiga kelele, ungeona usoni kwamba najua."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka thelathini na moja ulijua! Mapadri watatu! Nimepiga magoti kwa mapadri watatu, magoti yangu haya mabovu, na wewe uko hapa unauza samaki na unajua!"

"Hono..."

"Usiniite Hono!"

Akageuka. Akapanda ngazi, akanisukuma, akakaa kitini akaukumbatia mkoba wake. "Twende," akamwambia Batiste. "Twende, baba, si una haraka wewe?"

Batiste alinitazama. Akafunga mlango, basi likaondoka. Casilda alibaki pale na kifurushi chake, na nilimwona anapiga hatua mbili tatu kutufuata, kisha akaacha.

Nimesema watu wale walikuwa na kelele. Sasa walikuwa wanatazama kioo cha nyuma tu. Tulikwenda labda mita mia tatu, tukafika kwenye taa ya kwanza, ikawa nyekundu. Bi Honorina hakulia, ilikuwa hasira tupu. Nilimshika bega akalitikisa.

"Fungua," akasema.

"Mama, hapa hairuhusiwi," akasema Batiste. "Ni katikati ya barabara."

"Fungua mlango huu. Sijamaliza naye."

"Bi Honorina, kesho alfajiri mnarudi Soria," nikasema. "Sanduku lako liko hotelini. Dawa zako..."

"Dawa ninazo mkobani. Sanduku lina nguo mbili na chupi, nani atalila? Fungua, au napita dirishani, na nikivunjika mtaandika wenyewe kwenye karatasi zenu."

Batiste ni mtu wa sheria, amewahi kumwacha mpwa wake mwenyewe kituoni kwa kuchelewa dakika moja. Alifungua. Bi Honorina alishuka katikati ya magari, magari yakapiga honi, akayatishia kwa mkoba, akafika kando ya njia na kuanza kurudi tulikotoka, kwa ule mwendo wake wa kukimbiza treni. Taa ikawa kijani. Batiste hakuondoka. Nyuma yetu wakaanza kutupigia honi na yeye bado hakuondoka.

"Mzee Abundio!" niliita kwa sauti, maana yeye ndiye aliyekuwa kwenye kioo cha nyuma. "Unawaona?"

"Namwona! Anakwenda. Yule mwingine naye anakuja. Wanakutana hapo kwenye mti."

"Wanafanya nini?"

"Wanagombana."

"Sana?"

"Lo! Sana. Mikono juu. Yule mnene kaangusha samaki. Hono anaokota. Hapana, anamtupia! Kamtupia samaki kifuani!"

Watu wote ndani ya basi walikuwa wamesimama.

"Na sasa?"

"Sasa yule mnene analia. Hono bado anasema. Anasema, anasema... Huyu bibi alikuwa ameyaweka wapi maneno yote haya? Siku kumi mezani hakuniomba hata chumvi." Mzee Abundio akaacha kujipepea. Sauti yake ya mchinjaji ikashuka. "Wanavuka barabara."

"Wamepatana?"

"Hapana, binti. Bado wanagombana. Lakini yule mdogo kamshika mkono ili magari yasimgonge, na huyu hajautoa."

Nikamwambia Batiste aondoe basi.